Kabro za Kibera na Kawangware: Ugonjwa Uko Chini ya Tofali

Wadi ya Kabiro iko upande wa Kawangware, katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, Nairobi. Vichochoro vyake, kama vile vya Makina kule Kibera walikoishi ndugu zetu Wanubi kwa zaidi ya karne moja, ni vyembamba mno. Greda haigeuki, na chini ya miguu kuna mabomba ya maji, yale halali na yale ya kuunga usiku.

Barabara kubwa ikipita mahali kama hapo, kuna watu watakaohama. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba, shule na maduka Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu walibaki bila paa. Ndiyo maana suala la kipi kitandikwe chini si la wahandisi peke yao.

Kwa kichochoro, jibu ambalo limezoeleka ni kabro. Matofali haya ya zege yalienea Uholanzi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati matofali ya udongo yalipohitajika kwa kujengea nyumba zilizobomoka. Faida yake kubwa mitaani kwetu ni kwamba hung'olewa na kurudishwa. Bomba likipasuka, vijana wanne wenye mitaimbo huliinua eneo, fundi akatengeneza, kisha matofali yaleyale yakarudi. Lami ukiikata hubaki na kiraka, na kiraka ndicho mama wa shimo. Tena kabro hutengenezwa na kutandikwa kwa mikono, basi pesa za kazi hubaki mtaani.

Mbona basi nyingine huzama kabla ya mwaka kwisha? Watu hulaumu tofali. Mara nyingi tofali halina kosa.

Sehemu nyingi za Nairobi zina udongo mweusi wa kunata. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hupasuka. Ukitandika kabro juu yake moja kwa moja, umetandika mkeka juu ya maji. Udongo huo huondolewa na kujazwa changarawe nzuri, au huchanganywa na chokaa upate kutulia. Juu yake huja tabaka la kokoto lililoshindiliwa kwa mashine, kisha mchanga wa kama sentimita 3, halafu kabro. Mchanga huo ni wa kulaza tofali tu. Mkandarasi akiutumia kuziba mabonde, mabonde yatarudi yalipokuwa.

Mpangilio nao una kazi. Kwenye njia ya magari, tafiti na uzoefu wa miaka mingi vimeonyesha kuwa matofali yaliyopangwa kama miiba ya samaki hushikana kuliko yaliyopangwa kwa mistari, kwa sababu gurudumu linaposukuma tofali moja, mengine hulizuia kutoka pande tofauti. Wasukaji wa ukili hawatahitaji maelezo zaidi. Unene huwa milimita 60 kwa waendao kwa miguu na magari madogo, na 80 kwa malori. Pembeni lazima pawe na mawe ya ukingo yaliyoshikwa kwa zege. Bila hayo matofali hutawanyika, na mchanga wa kati ya viungo ukamwagika.

Lakini anayeua ni maji. Uso wa njia uteremke kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita kuelekea mtaroni, na mtaro uwe na pa kumwaga. Kuna kosa moja linaloniudhi kuliko yote: njia kuinuliwa hadi ikawa juu ya vizingiti vya milango. Barabara hupendeza kwenye picha za uzinduzi, na mvua ya kwanza huingia vyumbani kwa watu. Mwananchi hahitaji shahada kuuliza, kabla kazi haijaanza, maji yataelekea wapi.

Tofali lenyewe pia lina namna ya kupimwa. Zege hutaka kumwagiwa maji kwa siku 7 hivi, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Likitoka kiwandani jana na leo likatandikwa, au ukilikwaruza kwa msumari likatoka unga, kataeni.

Siku hizi yapo pia matofali ya plastiki iliyoyeyushwa pamoja na mchanga. Mhandisi Nzambi Matee, mwanzilishi wa Gjenge Makers ya Nairobi, alitunukiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Kwa ua wa shule au njia ya miguu nayaona mazuri, na yanapunguza takataka. Kwa njia ya malori, tena kwenye jua letu la pwani, ningetaka kwanza kuona vipimo vya joto na vya msuguano.

Huku Mombasa na Malindi udongo ni mwingine. Sehemu nyingi tuna mwamba wa matumbawe karibu, na kokoto zake hufaa kwa tabaka la chini zikishindiliwa vyema. Mchanga wa ufuoni si wa kulazia kabro. Chembe zake za mviringo huteleza badala ya kushikana, na chumvi yake huacha madoa meupe juu ya tofali. Mkiona lori la mchanga huo likishusha mtaani kwenu Likoni au Kisauni, mwiteni msimamizi wa kazi siku hiyohiyo, kabla haujafunikwa.