Sabuni ya Winda katika Nchi ya Gusii

Kabla ya wamishenari Wakatoliki kutua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Nyanchwa muda mfupi baadaye, mavazi ya Abagusii, wenyeji wa vilima vya magharibi mwa Kenya, yalikuwa ya ngozi. Kwa hiyo winda ya pamba, ambayo leo twaiita nepi, ni mgeni aliyefuatana na bafta na sabuni ya mche. Mama wa Nyamira, akiisugua juu ya jiwe la mto Gucha hata povu likaingia rangi ya udongo, alijua kwa tajriba kwamba sabuni isiyosuuzwa vema huubabua mwili laini wa mtoto. Sabuni ya unga, ijapokuwa yaondoa taka upesi, nayo yataka maji mengi ya kusuuzia. Lakini taabu kubwa zaidi, naamini, ni mvua: katika vilima vile vinyeshewavyo karibu mwaka mzima, winda hukaushiwa juu ya meko, ikanuka moshi.