Bustani Wima ya Mboga Ndani ya Nyumba: Hesabu ya Maji na Umeme

Haidroponiki ni kilimo cha kuotesha mimea bila udongo, ambapo mizizi hulishwa kwa maji yaliyochanganywa na virutubisho. Mimea inapopangwa rafu juu ya rafu, hupatikana bustani wima inayotosha kwenye kona ya chumba, mahali pasipo na nafasi ya tuta.

Njia hii si ngeni. Katika miaka ya 1860, wanasayansi wa Ujerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuza mimea katika maji yenye chumvi za madini. Katika miaka ya 1930, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alivuna nyanya kutoka kwenye matangi, na ndiye aliyelieneza jina la haidroponiki. Mwaka 1945, jeshi la Marekani lilizalisha mboga kwa njia hiyo katika kisiwa cha Ascension, chenye miamba ya volkano na maji haba.

Katika mfumo wa kawaida, tanki huwekwa chini na pampu ndogo hupandisha maji hadi rafu ya juu. Maji hushuka yakilowesha mizizi, kisha hurudi kwenye tanki na kutumika tena. Mzunguko huo ndio unaookoa maji, kwa kuwa hayapotelei ardhini. Miche hushikiliwa na kokoto au nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa chumvi.

Maji yanapaswa kuwa na pH kati ya 5.5 na 6.5. Nje ya kiwango hicho, mizizi hushindwa kufyonza baadhi ya virutubisho hata kama vimo. Madini ya chuma yakikosekana, majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Tanki lifunikwe vizuri ili kuzuia utando wa kijani na mazalia ya mbu. Katika maeneo ya joto liwekwe kivulini, kwa sababu maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo na mizizi huoza kwa urahisi.

Gharama kubwa ni mwanga. Saladi inayokuzwa chini ya taa huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Taa za wati 100 zikiwaka saa 14 hutumia uniti 1.4 kwa siku, sawa na uniti 42 kwa siku 30. Rafu iliyo karibu na dirisha kubwa au barazani hupunguza gharama hiyo.

Umeme ukikatika, mizizi inayotegemea mkondo mwembamba wa maji huweza kukauka ndani ya saa chache. Njia iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii haihitaji pampu: mche huning'inia juu ya chombo cha maji yaliyotulia, na kadiri maji yanavyopungua, sehemu ya juu ya mizizi hupata hewa.

Mazao yanayofaa ni mboga za majani na viungo, kama saladi, mchicha, spinachi, giligilani na mnanaa. Saladi huvunwa wiki nne hadi sita baada ya kupandikizwa. Mahindi na muhogo yabaki shambani. Kwa anayeanza, chombo kimoja kisicho na pampu kinatosha kujifunzia kabla ya kununua rafu na taa.