Ugangaji wa udongo

Mwanafunzi wa mazingira hapa Bukavu hulisikia neno «dépollution» darasani. Akirudi nyumbani Kadutu na kumweleza mama yake, husema «kusafisha udongo». Mama hushangaa, na ana haki. Nguo husafishwa, sufuria husafishwa. Udongo si ndio tunaouondoa miguuni kabla ya kuingia ndani?

Neno hilo la Kifaransa linataja kazi ya kuchunguza ardhi iliyoingiwa na sumu za viwanda, mafuta au madini, kisha kuifanya isidhuru tena watu, maji na mimea. Wataalamu wengine huiita «remédiation», na shina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya dawa. Naona hilo la pili linatufaa zaidi, na Kiswahili kina neno la kulipokea.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha karatasi kilichofungwa. Kutengeneza karatasi mara nyingi ni kupika vipande vya miti kwa kemikali kali mpaka vilainike, kisha kuvipausha. Zamani viwanda vingi vilipausha kwa klorini, na baadhi vilijitengenezea klorini hiyo kwa kutumia zebaki. Huko Dryden, Kanada, mtambo wa namna hiyo ulimwaga takriban tani 9 za zebaki mtoni kati ya 1962 na 1970, na wenyeji wa Grassy Narrows, waliokula samaki wa mto huo, wanaumwa mpaka leo. Karibu na kwetu, kiwanda kikubwa cha Webuye nchini Kenya, kando ya mto Nzoia unaoingia Ziwa Victoria, kilisimama mwaka 2009 kabla ya kuuzwa kwa mwekezaji mwingine. Kiwanda cha aina hii kinapofungwa, mashine huuzwa na wafanyakazi hutawanyika, lakini kilichomwagika chini ya sakafu hubaki pale pale.

Anayeitwa kuchunguza hufanya kama munganga, yaani daktari. Kwanza huuliza: ghala la kemikali lilikuwa wapi, tangi la mafuta lilizikwa upande gani, majivu yalitupwa wapi? Wazee waliofanya kazi pale hujua mengi ambayo ramani hazionyeshi. Kisha hutoboa ardhi na kuchukua sampuli, za juu na za chini, pamoja na maji ya ardhini, na kuzipeleka maabara. Majibu yakirudi hutafuta mambo matatu: chanzo cha sumu, njia inayopitia, na nani inamfikia. Likikosekana moja ya hayo matatu, hatari hupungua. Penye yote matatu pana ugonjwa.

Tiba nazo ni za aina tatu, na hapa ndipo neno «kusafisha» linapotupotosha. Ya kwanza ni kuondoa: udongo mbovu huchimbwa na kupelekwa kwingine. Ya pili ni kufunika: sumu hubaki, lakini huzibwa ili mvua isiifikie. Ya tatu ni kutibu papo hapo, kwa mfano kuwasaidia bakteria kula mafuta yaliyomwagika. Mafuta huoza. Metali kama risasi na zebaki haziozi kamwe. Huhamishwa au hufungiwa tu. Zebaki hiyo ndiyo wachimbaji wadogo hutumia kushikia chembe za dhahabu, kama kwetu kwenye machimbo ya Kamituga. Ukisema udongo wenye zebaki «umesafishwa», msikilizaji hudhani sumu imetoweka, kumbe pengine imehamia kwa jirani.

Ndiyo maana napendekeza «ugangaji wa udongo». Kuganga ni kutibu, na pia ni kuunga kilichovunjika. Pwani neno mganga huwafanya wengine wafikirie ramli na hirizi, lakini hapa Kivu munganga ni daktari wa hospitali, mwenye vipimo na dawa. «Kusafisha» libaki kwa pale ambapo sumu imeondoka kweli.

Jina sahihi lina uzito hata mahakamani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha risasi katika udongo wa mtaa. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kando ya fidia hiyo ikaamuru udongo wenyewe ushughulikiwe. Fidia hiyo ilitenguliwa katika rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Udongo ulihesabiwa kuwa mgonjwa kivyake, na fedha mkononi mwa mtu hazimponyi. Kwetu Kongo, sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inasema anayechafua ndiye alipaye. Lakini hatoweza kudaiwa kazi ambayo raia hawana jina lake.

Bukavu imejengwa juu ya milima. Mvua ikinyesha, udongo wa gareji na wa vituo vya mafuta hushuka mpaka Ziwa Kivu, tunakovua sambaza na kuteka maji. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa udongo, yaliyopita ndiyo ndwele, na tusipoyaganga hayo, yajayo hayataponywa. Kwa hiyo siku utakapoambiwa kwamba kiwanja fulani kimesafishwa, uliza: sumu imeondolewa, imefunikwa, au imetibiwa papo hapo? Na kama imeondolewa, imepelekwa wapi?