Jinsi ya kupiga lipu upya kuta zenye unyevu katika nyumba za kale Lamu

WENYE nyumba za kale mjini Lamu wanaijua vyema dalili hii: waa la hudhurungi linalopanda ukutani hadi kimo cha kiuno, rangi inayobambuka, na unga mweupe wa chumvi unaodondoka sakafuni kila uchao. Wengi humwita fundi, wakanunua mifuko ya saruji, lipu mpya ikapigwa na nyumba ikang’ara kwa muda. Kisha unyevu hurejea, tena juu zaidi ya pale ulipokuwa.

Mara nyingi kosa si la mkono wa fundi. Kuta hizi, zenye unene wa takriban nusu mita, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, bila tabaka lolote la kuzuia maji katika msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe hayo kama mafuta yapandavyo katika utambi. Wajenzi wa zamani hawakuyazuia bali waliyaachia njia ya kutokea, kwani lipu ya chokaa ina vinyweleo na ukuta hukauka kupitia usoni mwake.

Saruji huifunga njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea huzidi kupanda, na huenda yakafikia ncha za boriti zilizochomekwa ukutani. Hapo ndipo penye hatari. Boriti za mikoko ndizo zinazobeba sakafu ya orofa, na ncha ikioza ndani ya ukuta hakuna anayeiona hadi sakafu ianze kulegea. Isitoshe, chumvi huganda nyuma ya saruji na kuisukuma, nayo ikianguka hung’oka pamoja na uso wa jiwe.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Ulimwengu mnamo 2001. Humu nchini, Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inalinda majengo yaliyotangazwa rasmi kuwa ya hifadhi. Kwa hivyo, kabla ya kubandua lipu, mwenye nyumba anapaswa kufika kwa maafisa wa Makumbusho ya Taifa na kuulizia pia idhini ya serikali ya kaunti. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa usumbufu, na malalamiko yao yana mashiko: turathi ni ya ulimwengu, ilhali gharama ni ya mrithi. Hata hivyo, katika suala la unyevu, kanuni za hifadhi na maslahi ya mwenye nyumba havipingani hata kidogo.

Kazi huanza kwa kutafuta maji yanakotoka. Si yote yatokayo ardhini. Paa huvuja, mifereji huziba, na pengine kichochoro kimeinuliwa kwa kusakafiwa mara kwa mara hadi kikapita kimo cha sakafu ya ndani. Birika la chooni nalo huvuja taratibu. (Mabirika hayo ya kale yalifugiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, hekima ambayo mabomba yametusahaulisha.)

Baada ya hapo saruji ibanduliwe kwa nyundo ndogo na patasi, bila mashine. Lipu ya kale isiguswe pale inapoushika ukuta. Igongwe kwa kifundo cha kidole, na isipolia kama debe tupu iachwe, hasa penye zidaka na nakshi. Chumvi ipigwe brashi kavu. Kuosha kwa maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke, jambo linaloweza kuchukua miezi.

Chokaa bora ni ile iliyozimwa na kulowekwa kwa wiki kadhaa au zaidi, ichanganywe kwa kipimo cha sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga. Mchanga wa ufuoni haufai kwa sababu ya chumvi. Matuta ya Shela nayo yasiguswe, kwani ndiyo yanayohifadhi maji matamu yanayotegemewa na mji. Fundi avae glavu na kukinga macho, maana chokaa huunguza.

Ukuta unyunyiziwe maji kidogo, kisha lipu ipigwe kwa matabaka membamba yasiyozidi sentimita 1, huku kila tabaka likipewa siku kadhaa kabla ya jingine. Chokaa hukomaa kwa kufyonza hewa ya kaboni polepole. Ikikaushwa haraka na jua au upepo wa kaskazi hubaki unga, hivyo gunia bichi litandazwe mbele yake. Mwishoni ipakwe chokaa ya maji. Rangi za plastiki za madukani huziba vinyweleo sawa na saruji.

Mwenye nyumba aelezwe mapema kwamba penye chumvi nyingi lipu ya kwanza ni ya kutolewa mhanga. Kazi yake ni kuivuta chumvi kutoka katika mawe, na huenda ikaharibika baada ya miaka michache. Ikifika hapo hubanduliwa, ikapigwa nyingine ya chokaa vilevile.