Wavuvi Baharini (mchoro)

Wavuvi Baharini ni mchoro wa J. M. W. Turner, msanii Mwingereza, na wa kwanza wa rangi za mafuta aliouonyesha Royal Academy, London, mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 21. Mbalamwezi inapenya mawinguni na kuangaza mawimbi karibu na miamba ya Needles, kisiwani Wight. Katikati mashua inayumba. Taa yake ndogo inatoa mwanga wa manjano, hafifu mbele ya weupe wa mwezi. Uzuri wote umo katika tofauti hiyo ya mianga. Mchoro umehifadhiwa Tate, London.