Kabla hujabomoa choo na bafu la zamani: anza na maji, kisha shimo

Mavuno yakishauzwa, kaya nyingi huku kwetu hufikiria kuboresha choo na bafu. Wengi huanzia dukani, kwenye marumaru na sinki. Wasikilizaji wetu mmekuwa mkituuliza kipindini wapi pa kuanzia. Jibu letu ni fupi: anza na maji yanayoingia, kisha maji yanayotoka. Marumaru huja mwisho.

Tunasema hivi kwa sababu yametukuta. Nyumbani kwa mmoja wetu hapa kituoni waliweka sinki la kukaa lenye tangi la kuvuta, sakafu ikang'aa. Kiangazi kilipofika, bomba likakauka. Choo kipya kikapigwa kufuli, na familia nzima, bibi akiwemo, ikawa inaomba choo kwa jirani.

Piga hesabu ya ndoo

Chukua kaya ya watu 6. Kila mmoja akienda chooni mara 4 kwa siku, jumla ni mara 24. Sinki la kuchuchumaa, la kumwagia maji kwa kopo, hutumia kama lita 2 kila mara, yaani lita 48 kwa siku. Tangi la kuvuta la lita 6 litatumia lita 144. Ongeza lita 15 za kuoga kwa kila mtu, yaani lita 90.

Kwa kopo utahitaji lita 138, karibu ndoo 7 za lita 20. Kwa tangi utahitaji lita 234, karibu ndoo 12. Sasa jiulizeni nyumbani: kiangazi kikikolea, ndoo hizo zitatoka wapi, na nani atazibeba? Kama ni mama au binti anayewahi shule, chagueni sinki la kopo, au wekeni kwanza tangi la kuvuna maji ya mvua.

Maji machafu yaende wapi?

Shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na liwe upande wa chini wa mteremko. Kitako cha shimo kisikaribie maji ya ardhini. Kiwe juu yake kwa mita 1.5 au zaidi. Bwana afya wa kata anaweza kufika kuangalia eneo kabla hamjachimba.

Shimo la zamani lisilojengewa kwa mawe au matofali ni la kuogopwa, hasa kwenye udongo wa kichanga. Ukianza kulimwagia maji kila siku, kuta zake zinaweza kulegea na kuporomoka. Lijengewe, au lichimbwe jipya. Maji ya kuoga yasiingie humo, kwani yatalijaza upesi. Yapewe shimo lake dogo lililojazwa mawe au vipande vya matofali.

Fikirieni watumiaji

Bibi mwenye magoti mabovu anahitaji kiti na bomba imara la kushikilia ukutani. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji mlango wenye upana wa sentimita 80 au zaidi, bila ngazi. Mlango ufungukie nje, ili mtu akianguka ndani aweze kufikiwa. Sakafuni wekeni marumaru za kukwaruza. Zinazoteleza ziwe za ukutani tu.

Pima kabla ya kununua

Mfano ni chumba cha mita 1.5 kwa mita 2. Sakafu yake ni mita za mraba 3. Kuta zikivishwa marumaru hadi kimo cha mita 1.5, ukiondoa mlango, ni kama mita za mraba 9.3. Jumla ni 12.3. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa zitakazovunjika, upate 13.5. Kila boksi limeandikwa eneo linaloenea, kwa hiyo gawanya na ujue idadi ya maboksi. Tenga pia akiba ya dharura, maana ukuta wa zamani ukibomolewa huonesha mengi.

Siku za kazi mtajisaidia wapi?

Zege jipya linahitaji kumwagiliwa maji kwa siku 7 hivi kabla ya kubebeshwa mzigo. Kwa hiyo msibomoe cha zamani kabla ya kuwa na cha muda: shimo dogo lenye mfuniko na uzio, karibu na nyumba, ili wanawake na watoto wasitembee gizani. Kama mnategemea choo cha jirani, mwombeni mapema.

Patana na fundi

Andikeni kazi, bei na muda, mbele ya shahidi. Lipeni kwa awamu, kazi inavyokwenda. Kabla marumaru hazijabandikwa, fanyeni jaribio hili: mwagieni ndoo nzima sakafuni. Maji yote yakielekea kwenye tundu bila kutuama, fundi aendelee. Yakibaki dimbwi, sakafu irekebishwe siku hiyo hiyo, maana baada ya marumaru itabidi mbomoe.

Fedha ikiwa haitoshi yote, jengeni shimo, sakafu na mlango mwaka huu, marumaru zisubiri mavuno yajayo. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri husafishika, na familia itakuwa na choo kinachotumika masika na kiangazi.