Kiko cha Bwana Msa

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa Unguja, na mkunga wake alikuwa shindano. East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa na wakoloni mwaka 1948, liliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili mwaka 1957-58. Tuzo ya kwanza ikamwendea Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi na mhariri wa magazeti. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Utanzu ambao baadaye ungeitwa wa kupotezea wakati uliingia kwa mlango wa mbele, tena na tuzo mkononi.

Wahakiki wengi wameishia kwenye kiko. Bwana Msa huvuta kiko kama Sherlock Holmes, na polisi humfuata nyuma. Basi imehukumiwa kuwa ni nakala. Athari hiyo haikanushiki, lakini kuazima umbo si kuazima jambo. Edgar Allan Poe, aliyeuanzisha utanzu huu mwaka 1841, aliliweka fumbo lake katika chumba kilichofungwa mjini Paris. Abdulla ameiweka maiti mzimuni, mahali pa nadhiri na ubani, na uhalifu ukapata maficho katika hofu ya watu. Hivyo Bwana Msa hashindani na mhalifu peke yake; anashindana pia na maelezo ambayo watu wamekwisha kuyapokea. Hata jina la riwaya ya pili, Kisima cha Giningi (1968), limetokana na mji wa wachawi unaosimuliwa visiwani.

Jambo jingine halipatikani kwa Holmes. Katika riwaya za Abdulla fumbo aghalabu limo ndani ya nyumba: ndoa, talaka, urithi, nasaba iliyofichwa. Majina ya Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976) yanatosha kuonyesha wapi mwandishi alikuwa akichimba. Ni mafumbo ya jamii ambamo kujua nani ni mtoto wa nani ni elimu nzito kuliko kujua nani ameshika kisu.

Utanzu ulipovuka bahari ulibadili mavazi. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) iliupeleka Dar es Salaam, na katika miaka ya 1970 waandishi wa Bara wakawa wengi. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na Willy Gamba akaingia uwanjani: si bwana wa kiko na subira, bali jasusi wa dola, mwenye bastola na ndege ya kupanda. Fumbo likapungua, mbio zikazidi.

Huo ulikuwa wakati wa Ujamaa, na wahakiki wengi walidai fasihi ijenge taifa; riwaya pendwa ikaonekana kasumba. Lawama nyingine zilistahiki, hasa namna wanawake wanavyogeuzwa chambo na pambo katika vitabu hivyo. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Kufa na Kupona inahusu siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na kwamba Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Vijana wasiogusa hotuba wala kijitabu cha chama walikutana na vita vya ukombozi katika kurasa za Willy Gamba, wakazisoma kwa hiari, usiku kucha.

Abdulla hakukimbizana na mwendo huo mpya. Riwaya yake iliyotoka mwaka 1984, miaka saba kabla ya kufariki kwake, ina fumbo la zamani na mpelelezi yule yule, naye ameipa jina ambalo Holmes asingelikubali kirahisi: Kosa la Bwana Msa.